Mstari wa Kumi na Saba

Orville Penk alionekana saa moja na dakika ishirini asubuhi, Alhamisi ya tarehe 22 Machi 1984, chini ya ngazi za chuma zinazoshuka kwenye masjala ya Bunge la jimbo, mjini Fort Lorimer. Aliyemwona wa kwanza ni Delphine Rask. Alikuwa ameshika vikombe viwili vya kahawa, chake na cha Orville, kama alivyofanya kila asubuhi kwa miaka kumi na tisa. Ofisini alikuta taa ya meza ya Orville inawaka na koti lake zito bado limening'inia ukutani. Akajua mzee hakurudi nyumbani, akaanza kumtafuta.

Hakupiga kelele. Aliviweka vikombe sakafuni, kimoja baada ya kingine, akashuka ngazi kumi na nne huku ameshikilia chuma kwa mikono miwili. Orville alikuwa amelala chali, kichwa chini, miguu imebaki juu ya ngazi. Alikuwa baridi kama chuma chenyewe. Puani alikuwa na miwani yake ya kusomea, kioo kimoja kimepasuka. Miwani yake ya kutembelea ilikuwa imekunjwa vizuri mfukoni mwa shati. Mikononi hakuwa na kitu.

Sajenti Vern Moller, mkuu wa walinzi wa jengo, alifika baada ya dakika kumi, akihema. Alikuwa mtu mnene mwenye roho nzuri asiyependa kupanda wala kushuka.

"Pole sana, Delphine. Mzee ameteleza, masikini."

"Na hii miwani?"

"Si ndiyo iliyomponza. Kavaa ya kusomea badala ya ile nyingine. Ngazi hakuiona."

"Vern, hiyo ya kusomea ilikuwa inamtia kizunguzungu. Hajapiga nayo hatua tatu toka nimjue. Anaivaa akiwa na karatasi mkononi, tena amesimama tuli. Karatasi iko wapi?"

Moller alitazama sakafu, akatazama mfuko wa marehemu.

"Labda hakuwa nayo."

"Basi aliivaa ya nini? Mtu hasimami juu ya ngazi peke yake akavaa miwani asome. Unavaa kumwonyesha mwenzako. Kuna mtu alimwambia hapo juu, 'Hebu nione.'"

Sajenti alijikuna kidevu. "Sikiliza, dada. Leo saa nane mchana Seneti inapiga kura ya mwisho. Nikitangaza mauaji saa hizi watanitundika kwenye kuba la jengo."

"Sijakwambia utangaze. Nimekwambia uniangalizie daftari la mlangoni, nani alikuwa humu jana jioni."

Moller alimtazama mama yule mwembamba wa miaka hamsini na minane, shavu limevimba kwa jino alilong'olewa jana yake, macho makavu. Akaona bora akalete daftari.

*

Delphine na Orville walikuwa wasahihishaji wa miswada. Kazi yao ilikuwa kusoma kwa sauti. Mmoja husoma karatasi mpya neno kwa neno, mkato kwa mkato, mwenzake hufuatisha kwenye karatasi ya zamani kwa rula. Sheria zote za jimbo, za barabara, za ng'ombe, za ndoa, zilikuwa zimepita midomoni mwao kabla hazijamfikia gavana. Jumatano saa kumi na moja jioni Delphine alitoka kwenda kwa daktari wa meno. Orville alimwambia, "Nenda zako, huu nitausoma mwenyewe."

Muswada wenyewe ulikuwa Namba 214. Ulihusu mabwawa ya matope ya migodi, hasa lile lililo juu ya mji mdogo wa Sorrel Creek, ambako watu mia sita na kumi na wawili walilala kila siku chini ya ukuta wa udongo wenye urefu wa ghorofa tisa. Aliyeupigania ni Seneta Harriet Quillan, mwalimu mstaafu wa mji huo huo. Roho ya muswada ilikuwa maneno mawili katika ukurasa wa nne: bwawa likivuja, mkaguzi mkuu wa jimbo *lazima afunge*.

Ulikuwa umepita Baraza la Wawakilishi, ukaingia kamati ya Seneti. Jumanne kamati iliufanyia marekebisho madogo ikiwa na chapa nyeupe, ile iliyotoka Baraza la Wawakilishi, mbele yake. Jumatano marekebisho yale yakashonwa ndani ya muswada, ikatoka chapa mpya, ya karatasi ya bluu. Hiyo ya bluu ndiyo Orville aliyokuwa akiisahihisha.

Mezani kwake Delphine aliikuta chapa nyeupe peke yake, imefunguliwa ukurasa wa nne. Rula ya Orville ililazwa chini ya mstari wa kumi na saba. Ile ya bluu haikuwepo.

Saa mbili kamili mlango ulifunguliwa. Norbert Eickhoff, mkuu wa ofisi, aliingia bila kuvua kofia. Alikuwa na miaka thelathini na moja kazini, mtu mpole, suti yake kijivu na uso wake siku hiyo kijivu vilevile.

"Nimesikia sasa hivi," alisema. "Mungu wangu, Delphine. Orville wetu."

Alimshika mikono yote miwili.

"Norbert, ile chapa ya bluu ya 214 iko wapi?"

"Aliniletea mwenyewe jana, saa kumi na moja na nusu hivi. Alikuwa ameshaimaliza, haina kosa. Nimeshaituma ikapigwe nakala." Alijifuta macho. "Nenda nyumbani upumzike. Shavu lenyewe hilo."

"Nitakwenda baadaye," alisema Delphine.

Mkuu wake alipotoka, aliitazama tena rula. Orville alikuwa na tabia moja isiyobadilika: akimaliza muswada hufunga karatasi na kuweka rula juu yake. Hapa karatasi ilikuwa wazi, kurasa thelathini na sita bado hazijasomwa. Alijiambia kwamba labda mzee alirudia kitu. Hakutaka kuwaza zaidi ya hapo.

*

Saa tatu Moller alirudi na daftari. Kila mgeni na kila seneta hutia saini akitoka baada ya saa kumi na mbili jioni. Wenye funguo, yaani wafanyakazi, hawatii saini.

"Ni wawili tu," alisema. "Clay Tansey, yule mshawishi anayelipwa na kampuni ya mgodi kuvuta kura za maseneta, ametoka kumi na mbili na dakika arobaini. Na Seneta Haverkost, mwenyekiti wa kamati iliyoujadili muswada, kumi na mbili na dakika hamsini na tano. Daktari anakisia mzee alianguka kati ya kumi na mbili na moja. Halafu kuna hili: mfagiaji alimsikia Tansey na Orville wakibishana ukumbini kabla ya saa kumi na mbili."

"Kumbe sasa unaniamini."

"Sijasema hivyo. Nimesema Tansey simpendi."

Walimkuta Tansey kwenye ngazi za marumaru nje ya ukumbi wa Seneti, buti za ngozi ya nyoka miguuni, akigawa vipeperushi kwa kila seneta aliyepita.

"Bwana Tansey, jana ulibishana na Orville Penk."

"Yule mzee? Yeye ndiye alibishana, mimi nilisikiliza." Tansey alicheka, halafu akaona nyuso zao akaacha. "Amefanya nini?"

"Amekufa."

Mshawishi alishusha vipeperushi. "Lo! Sikujua. Aisee, pole mama. Alinisimamisha akaniuliza kama ni mimi niliyepeleka maelekezo ya pili kwenye kamati. Nikamwambia maelekezo gani? Akaniangalia weee, akasema, 'Basi ni kosa tu,' akaondoka. Nilidhani uzee."

"Maelekezo ya pili yanasema nini?"

"Nitajuaje? Kamati ilinifukuza Jumanne. Nilitaka wabadilishe 'lazima afunge' iwe 'anaweza kufunga', wakanicheka."

Delphine alichukua kipeperushi kimoja. Kilikuwa na wino mpya, kimepigwa chapa asubuhi hiyo. Kwa herufi nene kilisema: PIGA KURA YA HAPANA. NENO "LAZIMA" LITAUA AJIRA MIA NNE.

"Hiki unagawa tangu saa ngapi?"

"Tangu saa moja na nusu. Na nitagawa mpaka wafunge mlango. Nahitaji kura mbili tu."

Walipofika mbali Moller alinong'ona, "Anadanganya huyo."

"Labda. Lakini mtu hajichoshi kuvunja mlango alioufungua mwenyewe. Kama kuna kitu ndani ya muswada kinachomfaa, Tansey hana habari nacho."

*

Maelekezo ya pili. Delphine alikwenda kwenye dirisha la katibu wa Seneti, akaomba jalada la marekebisho ya kamati. Ni karatasi za umma, hata mkulima akitaka kuziona haulizwi sababu. Alisimama hapo hapo akasoma.

Zilikuwa kurasa mbili zilizobanwa kwa pini ya stepla. Ukurasa wa pili ulikuwa na majina ya wajumbe na saini ya Haverkost. Wa kwanza ulikuwa na maelekezo matatu. La kwanza: ukurasa wa 4, futa mistari ya 8 na 9 yote. La pili: ukurasa wa 4, mstari wa 17, futa "lazima afunge", weka "anaweza kufunga". La tatu: ukurasa wa 11, mstari wa 3, futa "siku thelathini", weka "siku ishirini".

Ndani ya karatasi ile, kati ya mambo mawili madogo yasiyo na uzito, mtu alikuwa ameuchinja muswada kimyakimya. Saa nane Seneti ingepiga kura ikiamini inafunga bwawa. Na nani husoma kurasa arobaini siku yenye miswada sitini?

Aliinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha. Ukurasa wa pili ulikuwa na matundu manne kwenye pembe. Wa kwanza ulikuwa na mawili tu.

"Vern," alimwambia sajenti, "hebu niambie unaona nini."

Moller alihesabu kwa midomo. "Huu umebanwa mara mbili. Huu mara moja."

"Saini ni ile ile. Lakini ukurasa wa mbele si ule uliotoka kamatini."

Saa nne na nusu walibisha kwa Seneta Lyle Haverkost. Alikuwa mfugaji wa ng'ombe, mabega mapana, sauti ya kuitia mifugo. Alikuwa anatafuna sandwichi wala hakuwakaribisha kiti.

"Seneta, jana jioni ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Nilitoka hapa saa kumi na moja."

Moller alifungua daftari mbele yake. Haverkost aliiona saini yake mwenyewe, akaacha kutafuna.

"Saini ni yangu. Mnataka nini?"

"Mzee Penk amekufa saa ile ile," alisema Delphine. "Na karatasi ya kamati yako imebadilishwa. Jumanne mliyapitisha maelekezo mangapi?"

"Mama, mimi natia saini karatasi hamsini kwa siku! Mawili, matatu, nitajuaje? Kanda ya kikao iko masjala, kasikilizeni."

"Kanda ya Jumanne haipo," alisema Moller. "Nimetoka kuiangalia. Boksi lipo, tupu."

Seneta aliweka sandwichi mezani. Halafu aliinuka akafunga mlango, na sauti yake ikashuka mpaka ikawa ya mtu mwingine.

"Nilikuwa kwa Harriet Quillan, ofisini kwake, mlango umefungwa, mpaka karibu na saa moja. Nimemwahidi kura yangu. Chama changu kikijua kabla ya saa nane kitanimaliza. Nilipanda lile bwawa mwezi wa kwanza, kwa miguu yangu. Chini ya ukuta pana maji yanatoka ya rangi ya kutu, na sauti ndani yake kama ng'ombe anayekoroma. Sasa niambieni, mtu aliyesikia ile sauti ataandika 'anaweza'?"

Quillan, ambaye usiku ule alilala ofisini kwake na hivyo hakutia saini ya kutoka, alithibitisha kila neno walipomuuliza faragha.

*

Washukiwa wawili walikuwa wametoka mikononi. Saa sita na robo Delphine alirudi mezani, akaweka nakala ya marekebisho kando ya chapa nyeupe, akafanya kile ambacho Orville angefanya. Alichukua rula akaanza upya. Mstari wa nane na wa tisa, sawa, ilikuwepo. Mstari wa kumi na saba.

Rula ilikuwa tayari hapo. Mstari ulisema: *mabomba yote ya kutolea maji yapimwe kila*. Hapakuwa na "lazima afunge". Maneno hayo yalikuwa chini zaidi, mstari wa kumi na tisa.

Kwanza alidhani ni kosa la kuhesabu. Halafu aliweka kidole kwenye mistari miwili ya kufutwa, wa nane na wa tisa. Ikiondoka hiyo, kila kilicho chini hupanda hatua mbili. Wa kumi na tisa unakuwa wa kumi na saba.

Kamati haikuweza kuandika "kumi na saba". Jumanne kumi na saba hiyo haikuwepo duniani. Aliyeandika alikuwa anaangalia karatasi ambamo marekebisho yameshashonwa. Alikuwa anaangalia ya bluu. Na ya bluu ilishonwa Jumatano saa nane mchana, ikakaa kwenye droo moja yenye ufunguo mmoja mpaka saa kumi na nusu, ilipoletwa kwa Orville.

Delphine alijishika shavu. Jino lililokwisha ng'olewa lilikuwa linauma.

"Vern," aliita. "Njoo. Lete kahawa, ukae mlangoni kama umechoka tu. Usiseme neno."

*

Saa saba kasorobo Norbert Eickhoff alikuwa mezani kwake, mikono juu ya meza, hafanyi kitu. Delphine aliingia na karatasi zake.

"Norbert, nisaidie kusoma. Sina msomaji tena."

"Sasa hivi? Muswada umeshatoka."

"Nataka nitie saini kwamba umesomwa na wawili. Ndiyo kanuni yako mwenyewe. Wewe soma marekebisho, mimi nifuatishe kwenye nyeupe."

Alimwangalia Moller, aliyekuwa ameegemea mlango anapuliza kahawa. Akachukua karatasi. Alikuwa na sauti nzuri ya kusoma; enzi zake ndiye aliyewafundisha wote.

"Ukurasa wa nne, mkato, mstari wa nane, nukta mbili. Futa mistari ya nane na tisa yote, nukta."

"Sawa."

"Ukurasa wa nne, mkato, mstari wa kumi na saba, nukta mbili. Futa, fungua alama, lazima afunge, funga alama..."

"Haipo."

"Nini haipo?"

"Mstari wa kumi na saba ni mabomba ya maji. Nionyeshe 'lazima afunge'."

Eickhoff hakuinama kuangalia. "Kosa la taipureta. Rekebisha, weka kumi na tisa."

"Umejuaje ni kumi na tisa?"

Nje, kengele ya kuwaita maseneta wajiandae ililia mara moja.

"Hujaangalia karatasi, Norbert. Umejuaje?"

"Miaka thelathini na moja, Delphine. Naujua muswada huu kwa moyo."

"Na miaka hiyo yote unatuimbia wimbo mmoja: hesabu mistari kwenye chapa iliyopigiwa kura, usihesabu kwenye mpya. 'Lazima afunge' ilikuwa mstari wa kumi na saba kwenye karatasi moja tu. Ipi?"

"Ya bluu," alisema, karibu bila sauti.

"Iliyokuwa mikononi mwa nani kabla ya Orville?"

Eickhoff aliirudisha karatasi mezani.

"Ulisema alikuletea ameimaliza. Aliishia hapa, rula yake bado imelala hapa. Ukurasa wa kwanza umeuchapa upya, ukaubana na saini ya Haverkost, pini ya pili. Karatasi alizokuwa nazo Orville umezichukua. Kanda umeichukua. Umesahau kitu kimoja tu, na ni kile ulichotufundisha siku ya kwanza."

Eickhoff alivua miwani yake akaiweka mezani. Bila miwani alionekana mzee sana.

"Nyeupe zote zilikuwa kwenu. Nilikuwa na ya bluu tu mbele yangu, kabla sijaichapa upya."

"Kwa nini?"

"Anson."

Delphine alimfahamu Anson. Alimwona akikua, akija ofisini na baba yake na kuchora nyuma ya miswada iliyokufa. Sasa alikuwa mhandisi wa mgodi wa Sorrel Creek.

"Ni yeye anayekagua ukuta wa bwawa," alisema Eickhoff. "Ripoti sita ametia saini bila kupanda juu. Mara ya kwanza theluji ilikuwa nyingi na mkewe anajifungua. Ya pili akaona ya kwanza haikudhuru mtu. Baadaye ikawa mazoea. Alinieleza mwezi wa pili, analia kama mtoto. Mkaguzi akilazimika kufunga, watauchimba ule ukuta, wataona kila kitu, na mwanangu ataozea jela. Ikiwa 'anaweza' tu, mkaguzi ataogopa kampuni, ataahirisha. Anson angepata majira ya joto ya kuziba. Miezi minne, Delphine. Nilikuwa naomba miezi minne."

"Na watu mia sita walio chini?"

"Nilijiambia umesimama miaka ishirini, utasimama minne zaidi. Miezi, namaanisha. Miezi minne."

"Na Orville?"

Alifumba macho. "Nilimsikia anakwenda masjala. Nikamfuata, nikamwita pale juu ya ngazi. Nikamwambia hebu nione. Akavaa miwani, akanionyesha kwa kidole, anacheka. 'Norbert, umezeeka, umehesabu kwenye ya bluu!' Hakunishuku, Delphine. Alidhani maelekezo ni ya kweli, nimekosea mstari tu. Akasema anashuka kusikiliza kanda, arekebishe kosa mwenyewe nisije nikaaibika mbele ya maseneta. Nikazivuta karatasi. Akashikilia. Nikamsukuma."

Moller aliweka kikombe chini.

"Ulishuka kumwangalia?" aliuliza Delphine.

"Nilishuka. Nilichukua karatasi. Nikaingia masjala, nikachukua kanda."

"Alikuwa amekufa?"

Eickhoff alichukua miwani yake mezani, akaikunja.

"Norbert. Alikuwa amekufa?"

"Alikuwa anapumua," alisema. "Aliita jina lako. Alidhani ni wewe umerudi kutoka kwa daktari. Nikapanda ngazi."

Delphine aliinuka. Alitaka kusema neno, lakini katika maneno yote aliyoyasoma kwa sauti kwa miaka kumi na tisa hakupata moja la kumfaa mtu yule. Alikusanya karatasi zake, akamwachia sajenti chumba.

*

Saa nane na dakika sita Seneta Haverkost alisimama ukumbini, akasema kwa sauti yake ya kuitia ng'ombe kwamba karatasi ya kamati yake imeghushiwa na kwamba anaomba neno "lazima" lirudishwe mahali pake kabla ya kura. Upande wa chama chake ulizomea. Juu kwenye kibaraza Tansey alikodoa macho. Ndipo alipoelewa kwamba asubuhi nzima alikuwa akipigana na kitu kilichokwisha kuuawa. Neno lilirudishwa. Majina yakaitwa, mmoja mmoja. Ishirini na tano wakasema ndiyo, ishirini na wanne wakasema hapana. Haverkost alikuwa wa mwisho kujibu ndiyo, na tangu siku hiyo hakuna mtu wa chama chake aliyekula naye meza moja. Jioni Baraza la Wawakilishi likaridhia.

Gavana alitia saini Jumanne iliyofuata. Jumatano mkaguzi mkuu alipofika Sorrel Creek na malori mawili, alimkuta Anson Eickhoff amesimama langoni katika mvua. Baba yake alikuwa mahabusu siku ya sita. Anson hakungoja kuulizwa. Aliwapandisha ukutani, akawaonyesha mahali penye ufa, halafu akanyoosha mikono afungwe.

Mkaguzi aliweka sikio lake kwenye udongo kama daktari kwenye kifua. Aliposimama, uso ulikuwa umembadilika. Hakuwa na ruhusa tena ya kufikiri wala kuahirisha. Siku ile ile mgodi ulifungwa, na amri ikatoka kwamba mji uhamishwe wote.

Watu walilalamika sana. Walipakia vitanda na makopo ya matunda kwenye magari, wakamlaani Quillan, wakamlaani gavana, wakalala wiki mbili kwenye mahema ya jeshi juu ya kilima. Mvua haikuacha. Jumamosi ya tarehe 14 Aprili, saa tisa alasiri, wakiwa wamesimama foleni ya supu, walisikia kitu ambacho wengi walidhani ni treni. Ukuta ulifunguka katikati. Matope ya kijivu yalishuka polepole kuliko walivyotarajia, yakaingia barabara kuu, yakajaza kanisa mpaka madirishani, yakaisukuma shule kutoka kwenye msingi wake na kwenda nayo. Ndani ya dakika kumi na moja Sorrel Creek haikuwepo.

Delphine alikuwepo kilimani. Quillan alimwomba aje. Mvua ikiwanyea, seneta alifungua daftari la wakazi, akampa yeye alisome. Delphine alisoma kama alivyozoea, kwa sauti, bila kuruka herufi, majina mia sita na kumi na mawili, na kwa kila jina alingoja. Kila jina liliitikiwa, mengine kwa kilio, mengine na mama aliyeinua mtoto juu aonekane.

Alipofika mwisho alifunga daftari. Bwawa lile lilikuwa limeua mtu mmoja tu, naye hakuwahi kulitia machoni.